Chokoleti Haina Mapenzi

Msomaji, nataka kubishana nawe juu ya kitu kitamu. Pengine kitu chenyewe hukukila zaidi ya mara mbili au tatu tangu kuzaliwa, wala hukukosa usingizi kwa kukikosa. Walakini sifa yake umekwisha kuisikia, maana sifa husafiri bila nauli, nayo ilifika Homa Bay na Migori kabla chokoleti yenyewe haijazoeleka madukani. Yasemwa kwamba chokoleti ni chakula cha wapendanao. Yasemwa kwamba ndani yake mna kitu kiamshacho hamu ya mwili na kulainisha moyo mgumu. Yasemwa tena, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba msichana apewaye chokoleti akaipokea amekwisha kuelewa neno ambalo mtoaji hakulitamka. Mimi nasema kwamba sifa hiyo ni ya uongo tangu mzizi hata tawi, kwamba uongo huo una watu wanaoufaidi na watu wanaoulipia, na kwamba wanaoulipia katika kaunti hizi mbili ni watu wa umri wako.

Tuanze dukani. Ingia katika duka kubwa lolote la mji wa Homa Bay, au la Rongo, au la Migori, katika juma la pili la Februari, siku chache kabla ya sikukuu ya Valentine. Utaona maboksi mekundu yamepangwa mahali ambapo jicho haliwezi kuyakwepa. Mengine yana umbo la moyo, mengine yamefungwa utepe. Bei ya boksi moja la namna hiyo yaweza kuupita ujira wa kutwa wa mkata miwa wa Awendo au Ndhiwa. Ukilifungua, huenda ukakuta vipande vimefanya utando mweupe kama majivu. Usidhani vimeoza. Siagi ya kakao, ambayo ndiyo mafuta ya chokoleti, huyeyuka kwenye joto la nyuzi 34 hivi, na joto la mchana kando ya ziwa, ndani ya gari la mizigo au nyuma ya kioo cha duka, hufika hapo bila taabu. Mafuta huyeyuka, yakapanda juu, yakaganda tena usiku.

Nalitaja jambo hili dogo kwa kuwa limeficha nusu ya habari yetu. Joto la mwili wa binadamu ni nyuzi 37 hivi. Kwa hiyo chokoleti ni ngumu mezani na laini ulimini, na kule kuyeyuka kwake ndiko kulikowafanya waandishi wa matangazo waandike maneno mengi juu ya mahaba. Samli nayo huyeyuka kinywani, lakini sijapata kuambiwa na mtu kwamba samli ni chakula cha wapendanao.

Sifa hii ilitoka wapi? Wapendao kuieneza husema ilitoka kwa wenyeji wa Meksiko, na husimulia habari za mfalme Montezuma, ambaye eti alikunywa vikombe hamsini vya kakao kila siku kabla ya kuingia kwa wake zake. Habari hiyo ina asili, na asili yake ni askari mmoja Mhispania, Bernal Díaz del Castillo, aliyefika huko mwaka 1519 pamoja na Hernán Cortés. Díaz aliandika kumbukumbu zake akiwa mzee, miongo mingi baada ya mambo yenyewe kutokea, na kitabu chake kilipigwa chapa Madrid mwaka 1632, mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Je, aliandika nini? Kwamba aliona mitungi mikubwa zaidi ya hamsini ya kakao ikiletwa penye karamu ya mfalme, na mfalme akinywa humo. Kuhusu wanawake, alisema tu kwamba watu walisema hivyo, na kwamba yeye na wenzake hawakulitia maanani wakati ule. Basi tazama jinsi neno linavyonenepa njiani. Mitungi ya karamu nzima imekuwa vikombe vya mtu mmoja, na uvumi ambao hata msimulizi hakuujali umekuwa ushahidi. Tena kinywaji chenyewe kilikuwa kichungu, chenye povu, aghalabu kimetiwa pilipili, wala hakikuwa na sukari ya miwa. Ungalipewa leo, pengine ungalikitema.

Liko jambo jingine la Meksiko, nalo ni la hakika zaidi kuliko lile la wake za mfalme, ila wauzaji hawalitaji. Mbegu za kakao zilikuwa fedha. Watu walizihesabu sokoni na kununulia vitu. Lishike jambo hilo, maana nitalirudia.

Sukari ilitiwa na watu wa Ulaya, na boksi la moyo lilitengenezwa Uingereza. Mwaka 1847 kampuni ya Fry ya Bristol ilitoa chokoleti ya kutafuna badala ya ile ya kunywa. Katika miaka ya 1860 Richard Cadbury wa Birmingham alianza kuuza chokoleti katika maboksi yaliyopambwa kwa picha, naye ndiye ahesabiwaye kuwa baba wa boksi lenye umbo la moyo. Akina Fry na akina Cadbury walikuwa watu wa dhehebu la Marafiki, lile lile ambalo wamishenari wake wa Kimarekani walifungua kituo cha Kaimosi mwaka 1902. Marafiki hao waliichukia pombe, na waliwauzia watu kakao wakitumaini kwamba itawatoa vilabuni. Lifikirie hilo kidogo. Mbegu ile ile iliuzwa kwa baba wa nyumba kama kinywaji cha kiasi na utulivu, kisha ikauzwa kwa kijana kama chakula cha hamu. Kama hamu ingekuwamo ndani ya kakao, wacha Mungu wale wangaliiona mapema, wakaikataa kama walivyoikataa bia. Hawakuiona kwa sababu haikuwamo. Ilikuja na boksi. Na Wajapani wakaja wakaongeza lao: huko, siku ya Valentine, wanawake ndio huwapa wanaume chokoleti, na mwishoni mwa miaka ya 1970 wafanya biashara ya vitu vitamu walibuni siku nyingine, tarehe 14 Machi, ili wanaume nao warudishe. Mapenzi yakawa na tarehe mbili za mauzo.

Boksi hilo lilipokuwa likiuzwa kama ishara ya moyo mwema, sehemu ya kakao yake ilitoka visiwa vya São Tomé na Príncipe, ambako watu wa Angola walipelekwa kwa nguvu na kufanyizwa kazi ya utumwa iliyopewa jina la mkataba. Akina Cadbury walianza kupata habari hizo mwaka 1901. Waliacha kununua kakao ya huko mwaka 1909. Mwaka huo huo kesi waliyolishtaki gazeti la Standard la London kwa kuwakashifu ilisikilizwa Birmingham. Walishinda, na fidia waliyopewa ilikuwa farthingi moja, yaani robo ya peni. Siku hizi zaidi ya nusu ya kakao ya dunia yatoka Côte d'Ivoire na Ghana, na uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Chicago uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kwamba watoto milioni 1.56 wa nchi hizo walikuwa katika kazi zisizofaa watoto kwenye mashamba ya kakao. Karibu na kwetu kakao hulimwa Bundibugyo, Uganda, na Kyela, Tanzania, na mkulima wa huko huitazama kama mkulima wa Kisii aitazamavyo chai: ni karo ya shule na mabati ya nyumba.

Hapo atasimama mwanafunzi hodari wa kemia, aseme kwamba mimi naleta historia tu, ilhali sayansi imekwisha kusema. Atataja feniletilamini, ambayo yadaiwa kwamba ubongo wa mtu apendaye huitoa kwa wingi. Ni kweli imo katika chokoleti, kidogo. Imo pia katika jibini. Lakini ikiliwa, mwili huivunja karibu yote kabla haijafika ubongoni. Theobromini na kafeini zimo vilevile, nazo huchangamsha kidogo, kama ichangamshavyo chai ya mkandaa. Mwaka 2006 madaktari wa Italia walichapisha uchunguzi wao juu ya wanawake 163. Walaji wa chokoleti walionekana kuwa na hamu zaidi kuliko wasioila. Lakini umri ulipotiwa katika hesabu, tofauti ikatoweka. Wala chokoleti walikuwa na umri mdogo zaidi, basi. Nini kilichobaki? Sukari. Katika chokoleti nyingi za maziwa, karibu nusu ya uzito ni sukari. Mtoto wa Awendo, aliyekulia kati ya mashamba ya miwa ya kiwanda cha Sony na kutafuna muwa njiani akirudi kutoka shule, amekwisha kuonja nusu ya mapenzi hayo bila kufungiwa utepe.

Wala tusiwacheke Wazungu peke yao. Sisi nasi tunayo chokoleti yetu, nayo ni mkombero, ule mzizi utafunwao, uchimbwao katika misitu ya magharibi kama wa Kakamega na kutembezwa mijini ukiwa umefungwa vitita. Una harufu nzuri, na ladha yake ni ya tangawizi iliyochanganyika na utamu. Mchuuzi akimwona mwanamume anakaribia, hushusha sauti na kuanza kueleza. Watafiti wameujaribu kwa panya kuliko kwa watu, lakini mchuuzi hawangoji watafiti. Mizizi imechimbwa hata mmea umekuwa adimu mahali ulipokuwa mwingi. Hata hivyo nausamehe mkombero kwa jambo moja. Anayeununua ndiye anayeutafuna. Akidanganyika, amejidanganya kwa fedha yake, na hakuna mtu mwingine anayedaiwa.

Chokoleti ni kinyume. Hununuliwa na mmoja na kuliwa na mwingine. Sifa yake hutabiri kwamba mlaji ataona hamu. Na mlaji asipoiona, sifa humdai kana kwamba ameiona. "Ulipokula ulidhani ni ya nini?" Ndivyo aulizwavyo. Naam, kakao haijaacha kazi yake ya zamani ya Meksiko. Ingali fedha, ila sasa yule anayelipwa haambiwi amelipwa kwa ajili ya nini mpaka amekwisha kumeza.

Katika Homa Bay na Migori twapaswa kuelewa jambo hili upesi kuliko watu wa mahali pengine, maana tumekwisha kuona chakula kikifanywa kamba ya kumfungia mtu. Nenda kwenye fuo za Nyatike, au Mbita, au visiwa vya Rusinga na Mfangano, ukaulize maana ya jaboya. Hakuna asemaye kwamba mbuta au omena huamsha hamu. Walakini mwanamke aliyetaka samaki wa kuchuuza amelazimika, miaka mingi, kumpa mvuvi mwili wake pamoja na fedha, ndipo auziwe. Na kadiri samaki walivyopungua ziwani, ndivyo sharti hilo lilivyozidi kukaza. Wako wanawake wa ziwa hili waliojitahidi kupata mashua zao wenyewe ili walikwepe. Nawaheshimu kuliko ninavyoweza kueleza. Kisha rudi barabarani, utazame msichana wa sekondari ambaye shule yao iko kilomita sita kutoka kwao. Mwenye bodaboda humchukua bure leo, na kesho, na kesho kutwa. Siku ya nne humnunulia chipsi. Siku ya tano safari haiishii shuleni.

Pima basi tofauti iliyopo. Mvuvi hutamka sharti lake waziwazi, na kwa hiyo mwanamke aweza kuligombania, kulishtaki, kulitungia jina la aibu na kulipinga hadharani. Mwenye chipsi hutamka nusu. Mwenye chokoleti hana haja ya kutamka lolote, kwa kuwa dunia nzima imekwisha kutamka kwa niaba yake, katika picha, katika filamu na katika dirisha la duka. Ndiyo sababu naichukia sifa hii ingawa chokoleti yenyewe haijanikosea. Humpa mtu mzima maneno ambayo angeona haya kuyasema kwa kinywa chake mbele ya mtoto wa kidato cha pili.

Nisikilize kwa makini hapa, nisije nikasingiziwa. Uchunguzi wa serikali wa afya ya jamii wa mwaka 2022 uliona kwamba katika Homa Bay, na vilevile katika Migori, wasichana 23 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hata 19 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Hesabu ya Kenya nzima ilikuwa 15. Uchunguzi wa mwaka 2018 juu ya virusi vya Ukimwi uliona kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila watano wa Homa Bay alikuwa navyo, ilhali katika nchi nzima hawakufika mmoja katika kila ishirini. Sisemi kwamba chokoleti ndiyo iliyozileta hesabu hizo. Umaskini umezileta, na umbali wa shule, na karo, na sodo zisizonunulika, na wanaume wasioadhibiwa. Nisemalo ni kwamba mahali penye hesabu za namna hiyo, kumfundisha msichana kwamba zawadi fulani ina maana ya mwili ni kumfundisha kwamba amekwisha kukubali kabla hajaulizwa.

Wazee wa Kijaluo nao walikuwa na zawadi za posa. Mshenga, aitwaye jagam, alijulikana na pande zote mbili. Ng'ombe walihesabiwa mchana, mbele ya wajomba na majirani, na ndoa ikivunjika wangeweza kudaiwa na kurudishwa. Sitaki kuyapamba mambo ya zamani kuliko yalivyokuwa. Msichana hakuulizwa sikuzote, na wengine walikamatwa njiani na kuchukuliwa kwa nguvu, na watu wazima wakaliita jambo hilo desturi. Lakini angalau deni lilikuwa deni lenye mashahidi. Boksi jekundu hutolewa nyuma ya jengo, au huingizwa mkobani, au hutumwa kwa rafiki. Hakuna mjomba aliyelihesabu. Siku litakapodaiwa, atakuwapo mdai na mdaiwa tu.

Nawasikia wavulana wakinung'unika. Wasema, "Huyu mzee ataka tusipendane." La. Mume akimletea mkewe chokoleti jioni, wakaila pamoja na watoto wakapata vipande, ni heri. Na vijana wawili wakigawana kipande chini ya mti baada ya michezo, sina neno. Bali wewe mvulana wa Rongo uliyeacha kula chakula cha mchana wiki tatu ili ununue boksi, nakuuliza: ni nani aliyekuambia kwamba usipolinunua hupendi? Ni yule aliyeliuza. Na mwenzako, ambaye hana cha kuacha kula kwa kuwa hicho chakula cha mchana chenyewe hana, amekaa nyuma ya darasa siku ya Valentine akijiona si mtu wa kupendwa. Jeraha hilo nalo ni dogo, halipelekwi hospitali, ila najua watu wazima walio nalo mpaka leo. Na wewe uliyenunua, msichana akila akakushukuru kisha akaenda zake, usiende kuwaambia wenzako kwamba amekula mali yako. Ulitoa zawadi au ulitoa mkopo? Kama ni mkopo, ungalimwambia kwanza.

Wako pia wasemao kwamba msichana mwenye adabu asipokee kitu kabisa, na hapo mabishano huisha. Rai hiyo siipendi. Ni rahisi mno kwa wasemaji, maana huutwika mzigo wote begani mwa mtoto na kumwacha mtu mzima aende na boksi lake akatafute mwingine. Sheria ya Kenya ya makosa ya kujamiiana, ya mwaka 2006, haisemi hivyo. Kwa sheria hiyo mtu ambaye hajatimiza miaka 18 ni mtoto, na anayemwingilia ana hatia hata kama mtoto alikubali, alicheka, alipanda pikipiki kwa hiari, au alikula boksi zima akalamba na karatasi. Hakuna kifungu kinachotaja peremende.

Basi, msichana wa kidato cha pili, ikikufikia kutoka kwa mtu mzima asiye ndugu yako, irudishe mbele ya watu, na umwambie mwalimu au mama ni nani aliyeileta. Kama umekwisha kuila kabla hujajua, umekula sukari, maziwa na mafuta ya mbegu za mti, wala hudaiwi hata senti. Na ikitoka kwa mtu usiye na shaka naye, ifungue upesi muile, maana mchana wa Homa Bay hauingojei.